Hoho Nilizozifunga Kiunoni

Naomba mnisikilize bila kunikatiza, maana mkinikatiza nitapata sababu ya kuishia njiani, na aibu hii nimeibeba peke yangu muda mrefu (peke yangu, yaani mimi, mke wangu, dada yangu na kijiji kizima cha Mungaa). Mimi ni mtu mzima, nimesoma mpaka chuo kikuu, naandika makala ambazo baadhi ya watu huzikata na kuzihifadhi, na bado siku moja ya Julai nilisimama katikati ya sebule ya watu, suruali imelowa, nikiwaapia wazee kwamba kile kilichodondoka kutoka kwenye mguu wa suruali yangu ni pilipili hoho.

Lakini nianze na upepo. Anayeijua Singida anajua kwamba ikifika Juni baridi inakuja na upepo, na upepo wenyewe haupiti, unakaa. Unasukuma milango, unahamisha ndoo, unatia mchanga mpaka kwenye chai. Ukisia mbegu nje wakati huo, zile ambazo upepo haujazifukua kuku watazimalizia. Nami mwaka huo nilikuwa nimeamua kuwa na bustani (niliandika makala ya kuwahimiza watu walime mboga nyumbani, msomaji mmoja akaniuliza mimi mwenyewe nalima nini), kwa hiyo kitalu nikakihamishia ndani. Dirisha la sebuleni linalopata jua la asubuhi likajaa makopo ya maziwa, vikombe vya mtindi na madumu ya mafuta ya alizeti niliyoyakata katikati, yote nimeyatoboa chini kwa msumari wa moto na kuyajaza udongo na samadi iliyooza vizuri, na mke wangu, Mama Upendo, akakosa mahali pa kuweka picha ya harusi yetu.

Niseme ukweli, nilinogewa. Unachukua kitu kikavu kama uchafu wa mfukoni, unakifukia, unakinyunyizia maji, halafu asubuhi moja unakuta udongo umepasuka na kitu cha kijani kimeinama pale kama mtu anayetoka chini ya kitanda. Hicho kitu kilijuaje kwamba juu ni huku? Nilikuwa nakaa mbele ya dirisha na kikombe changu najiuliza hayo mpaka chai inapoa. Nyanya zikaota. Giligilani ikaota. Mrehani ukaota mpaka ukazidi. Hoho, kimya. Nikaanza kufukua mbegu moja kila asubuhi kuona imefikia wapi, naigeuza, naiangalia, nairudisha (najua, najua), mpaka nikasoma mahali kwamba hoho haipendi baridi, inataka joto lisilokatika mchana na usiku, ndipo iamke.

Joto lisilokatika, Singida, Julai! Nikazunguka nyumba nzima kulitafuta. Juu ya friji lilikuwepo mpaka umeme ulipokatika. Kando ya jiko la mkaa mbegu zilikauka zikawa za kutafuna. Kule stoo kulikuwa na kuku wa Mama Upendo aliyekuwa analalia, nikamtazama kwa muda mrefu nikiwaza kwamba joto lote lile linatumika kwa mayai tu, nikapeleka mkono taratibu na mbegu zangu, na alama ya mdomo wake ninayo mpaka leo. Nilipokuwa nafunga kidonda ndipo nikagundua kwamba damu iliyokuwa inanitoka ilikuwa ya moto. Kumbe mimi mwenyewe ni jiko! Joto langu halikatiki, halitaki umeme, halina mdomo wa kudonoa, na linatembea.

Nikamwomba mke wangu kitambaa. Vya jikoni akaninyima, akaniambia nichukue chochote kwenye kapu la cherehani, na mkono wangu ukatoka na kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye mapambo ya Krismasi, na uzi mweusi. (Naona mmeanza kuguna. Mimi sikuguna. Chuo kikuu nilifundishwa mengi, kuangalia rangi ya kitambaa hawakunifundisha.) Nikakilowesha, nikazifunga mbegu ndani yake, nikazungusha uzi mweusi mara nyingi, na hicho kijifurushi nikakifunga kiunoni chini ya fulana. Nikashinda nacho, nikalala nacho. Mama Upendo alipokigusa kwa bahati mbaya aliuliza, "Humu kitandani tupo wawili, au tumeongezeka?"

Na zikaitika! Nilipofungua nikakuta mbegu zimevimba, na baadhi zimetoa ncha nyeupe, nyembamba kama sindano. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyejifungua. Tatizo ni kwamba zilichagua kuamka asubuhi ile ile ya kwenda kumposea Daudi.

Daudi ni mtoto wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo kwangu ni mwanangu, na mimi ndiye baba mdogo ninayesimama mahali pa baba. Alikuwa amempenda Neema, binti wa Mzee Njiku wa Mungaa, na Neema amempenda yeye, hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa shangazi yake Neema, dada mkubwa wa Mzee Njiku, anaitwa Shangazi Salome. Huyo bila yeye hakuna binti anayetoka katika ile nyumba, na alishawahi kuirudisha posa ya watu wengine kwa sababu msemaji wao alipokea kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Kwetu msemaji nilikuwa mimi, kwa kuwa nina maneno. Daudi alinishika mkono akaniambia, "Baba mdogo, nakuomba, leo usichekeshe watu."

"Leo sichekeshi mtu," nikamwambia, na nilimaanisha.

Mama Upendo, aliyekuwa anabaki nyumbani, akanyoosha kiganja. "Hizo mbegu ziache hapa. Nitaziweka jikoni."

"Ukitoka jikoni patapoa."

"Kwa hiyo unakwenda kuposa na mbegu kiunoni?"

"Ni nusu siku tu, mama. Nani atajua?"

Hapo ndipo, ndugu zangu. Kama maisha yangu yangekuwa na mlango wa kurudi nyuma, ningeufungua hapo hapo.

Tukaondoka na gari la kuazima, Daudi anaendesha, mimi mbele, na dada yangu Monika nyuma amekaa wima kama yuko kanisani. Tukafika Ikungi, tukaiacha barabara ya Dodoma, tukala vumbi mpaka Mungaa. Daudi akabaki kwenye gari chini ya ukuta wa kanisa, kwa kuwa muoaji haingii kwenye mazungumzo yake mwenyewe. Kabla ya kuingia ndani nikaomba kwenda chooni, nikagusa kijifurushi, nikaona kimekauka, nikachota maji kwenye kopo nikakimwagia kidogo. Kisha kidogo tena. Kisha nikawaza mazungumzo ya posa huwa marefu, nikaongeza.

Sebule ilikuwa imejaa. Makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, Mama Neema anamimina chai, Mzee Njiku amekaa kwenye kona na kofia yake juu ya goti. Ni mzee mwembamba, asiyesema neno mpaka awe amelizungusha mdomoni. Na katikati, kwenye kiti cha peke yake, Shangazi Salome. Nikawaamkia shikamoo wote, nikapokea chai kwa mikono miwili, nikakaa. Nilipokaa, kitambaa kikajikamua.

Nilihisi maji yanashuka pajani taratibu, ya uvuguvugu, hayana haraka. Suruali yangu ilikuwa ya kijivu, ile rangi isiyoficha kitu. Nikaweka sahani ya maandazi mapajani. Shangazi Salome akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya huruma iliyosikika mpaka uani:

"Mgeni, choo ulionyeshwa?"

"Nilionyeshwa, shangazi. Nimetoka huko sasa hivi."

"Ulitoka, au ulikuwa bado unaelekea?"

Kina mama wakakohoa. Dada Monika akanifinya mkono kwa kucha zote. Nikaona dawa ni kuanza mazungumzo haraka, watu wasikilize maneno waache kutazama suruali, nikasimama (na sahani), nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikasema tumesafiri, tumeliona ua katika nyumba hii, tumevutiwa nalo. Ilikuwa inakwenda vizuri. Nikaona hata Shangazi ameinamisha kichwa kwa kuridhika. Nikapandisha sauti: "Tumekuja kwenu kwa mioyo myeupe, wala hatuna tulichokificha!"

Uzi uliolowa hulegea. Nilihisi kitu kinapita kwenye nyonga, kinapita gotini, kinanisalimia kwenye kifundo cha mguu, kisha kikadondoka, pwata, kikajiviringisha mpaka kwenye miguu ya Shangazi Salome. Kijifurushi chekundu. Kimezungushiwa uzi mweusi. Kimelowa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ile ni nini. Mtu amekuja kuomba binti wa watu, kiunoni ana kitambaa chekundu na uzi mweusi: amekuja na dawa ya kulainisha wenye binti, basi, wamemaliza. Shangazi Salome alipandisha miguu yake yote miwili juu ya kiti.

"Yesu wangu," alisema Dada Monika.

"Hicho ni nini?" Shangazi akauliza.

Ndugu zangu, mimi ninayeishi kwa maneno, nilikuwa na nafasi ya jibu moja zuri, na nililosema ni hili: "Ni hoho."

"Ni nini?"

"Pilipili hoho, shangazi. Mbegu. Zinataka joto."

"Joto la kwetu?"

Nikaona njia pekee ni kufungua waone. Nikapiga magoti, nikafungua, na ndani mbegu zangu zilikuwa zimejaa uhai kupita asubuhi, zimetoa zile ncha nyeupe zimejikunja. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Zina mikia!"

"Si mikia, ni mizizi!"

"Zinatembea!"

"Hazitembei, ni mikono yangu inatetemeka!"

Watu walikuwa wamesimama, mmoja ameshafungua mlango, mwingine anakemea kwa jina la Yesu, na katika ghasia ile mtu mmoja tu alikuwa amesogea karibu badala ya kurudi nyuma. Mzee Njiku. Alikuwa ameinama, mikono nyuma, anatazama kiganja changu kama mtu anayemtazama mtoto mchanga. "Na zimeota humo humo kiunoni?" akauliza polepole.

"Humo humo, mzee."

"Aha," akasema, akarudi kwenye kona yake.

Hukumu aliitoa dada yake. Aliitoa akiwa bado juu ya kiti. "Mazungumzo yamesimama. Hivyo vidudu vyako viache hapa, Neema atavipanda humu humu ndani, mbele ya macho yetu. Vikizaa hoho, rudini tuzungumze. Vikizaa kitu kingine, hata barabara ya huku msahau."

Tukatoka. Daudi alishuka kwenye gari anatabasamu. "Wamesemaje?"

"Wamesema tusubiri hoho," akajibu Dada Monika, akaingia nyuma akafunga mlango kwa nguvu.

"Hoho zipi?" akauliza Daudi. Kisha akaiona suruali yangu. "Baba mdogo. Hoho zipi?"

Sitawaelezea ile safari ya kurudi.

Basi zikafuata wiki za ajabu kabisa. Kijana wa watu, ana kazi yake, ana mchumba wake, ndoa yake yote inategemea makopo yaliyopangwa kwenye dirisha la jikoni huko Mungaa. ("Wenzangu wanasubiri viza," aliniambia, "mimi nasubiri mboga.") Neema alikuwa anatupigia kila jioni kutupa habari. Zimetoka juu. Zina majani mawili. Moja imeoza shingo imelala. Kuku ameingia, amekula mbili. Kila mche uliokufa, Daudi alikuwa anakuja nyumbani kukaa mbele yangu na kunitazama. Mwishowe ukabaki mche mmoja tu, ndani ya ndoo iliyopasuka, na Neema akawa analala na ufunguo wa jiko.

Na mtu mwingine alikuwa ananipigia. Mzee Njiku, ambaye kwenye simu hakuwa na salamu ndefu.

"Baba Upendo. Ulifunga tumboni au mgongoni?"

"Tumboni, mzee. Shikamoo. Kwa nini?"

"Marahaba. Nauliza tu." Anakata.

Siku nyingine: "Ukilala, unakifungua?"

"Sikifungui, mzee."

"Hata ukijigeuza?"

"Hata nikijigeuza."

"Aha." Anakata. Nikadhani anakusanya ushahidi.

Nilichokuwa sijamwambia mtu, hata Mama Upendo, ni kwamba nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Zile mbegu sikuzinunua dukani. Nilizitoa kwenye hoho nono ya bustani ya rafiki yangu, na kwenye bustani ile hoho na pilipili ndefu kali zimepandwa ubavu kwa ubavu, na nyuki wa Singida hawaombi ruhusa kutoka ua moja kwenda jingine. Nilikuwa nimesoma (kwa kuchelewa, kama kawaida yangu) kwamba hoho iliyotembelewa namna hiyo yenyewe inabaki tamu, ila mbegu zake zinaweza kuzaa kitu chenye sura ya mama na ukali wa baba. Nilitaka kujua itakuwaje. Huo ndio ugonjwa wangu: hata nilipokuwa naogopa, sehemu yangu moja ilikuwa na hamu tu ya kuona.

Upepo ukaisha, joto likaja, mawingu yakaanza kukusanyika, na Neema akapiga simu analia kwa furaha: imezaa. Tukarudi Mungaa, wale wale, Daudi kwenye gari pale pale ukutani. Mlangoni nikamkuta Shangazi Salome.

"Inua mikono."

Nikainua. Akanipapasa kiunoni kama askari wa getini, akavuta mkanda, akauachia ukanipiga, akaridhika. Ndani, ile ndoo ilikuwa imewekwa juu ya meza kama keki. Mche mmoja, matunda machache ya kijani yanayong'aa, yamekunjamana kidogo, lakini mtu yeyote angesema ni hoho. Nikashusha pumzi. Dada Monika alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Julai.

"Kwa sura ni hoho," alikiri Shangazi. "Sisi si watu wa kuonea mtu." Akachuma moja, akaifuta kwenye kanga, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa haki asiyefanya jambo nusunusu, akaing'ata yote mpaka kwenye kikonyo.

Alitafuna mara moja. Akasimamisha taya. Macho yake yakapanuka, yakajaa, yakaanza kumwagika.

"Maji!" akanong'ona. "Maji!"

Mama Neema akakimbia. Shangazi akanywa jagi lote, akajipepea kwa kanga, na sauti iliporudi ilirudi yote. "Hii ndiyo hoho yako?"

"Ni nyuki, shangazi," nikasema.

"Ni nani?"

"Nyuki walitoka kwenye pilipili wakaingia kwenye ua la hoho, sasa mbegu zake..."

"Juzi hoho, leo nyuki! Kesho utaniambia ni tembo! Monika mwanangu, mchukue ndugu yako mwende, na mumwambie yule kijana kwenye gari atafute kwingine."

Dada Monika alikuwa ameshasimama na mkoba wake. Kupitia dirishani nilimwona Daudi kule ukutani, anatembea huku na huku, amevaa shati jipya. Nami nikaanza kunyanyuka.

"Kaeni," ikasema kona.

Mzee Njiku alikuwa amesimama. Akaweka kofia kwenye kiti, akachomoa shati, akapandisha fulana, na pale kiunoni, amekifunga kwa kamba ya katani, alikuwa na kijifurushi cha kitambaa cha kanga, kimelowa vizuri.

"Papai," akasema. "Zimeota jana."

Shangazi Salome alimtazama mdogo wake kama anamwona uchi, na kwa kweli nusu alikuwa anamwona.

"Kuhusu hoho sijui," akaendelea, akikifungua taratibu atuonyeshe vile vichwa vyeupe. "Labda ni mwongo. Lakini mchawi si mchawi. Nimejaribu mwenyewe, inaota. Sasa mimi nimemroga nani? Nimekuroga wewe, dada?"

Kabla Shangazi hajajibu, Mama Neema, aliyekuwa bado ameshika jagi, akasema taratibu sana, "Baba Neema. Kumbe ni mbegu?"

"Ni mbegu."

"Hilo shuka linalolowa kila asubuhi?"

Mzee akashusha fulana. "Ndiyo."

"Nami nalianika nyuma ya nyumba wasione majirani! Nimekaa kimya kwa heshima yako! Nimeshamuuliza mganga wa zahanati kama ugonjwa huo una dawa!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Shangazi Salome. Alicheka huku machozi ya pilipili bado yanamtoka, akajipiga mapaja, akainamia ile ndoo, akajaribu kuniambia kitu akashindwa, akacheka tena, na sebule nzima ikamfuata, hata Dada Monika, ambaye tangu ujana wake hucheka akiwa peke yake tu. Alipopata pumzi alininyooshea kidole. "Wewe kaa. Ukae na mikono yako juu ya meza, niione. Haya, semeni, mlikuja kwa ajili ya nani?"

Jioni ile Neema mwenyewe ndiye aliyetoka kumwita Daudi kwenye gari.

Tangu hapo nimeapa, na mke wangu ni shahidi: kiunoni mwangu haitafungwa tena mbegu ya aina yoyote, ni mkanda tu, na baridi ikizidi hoho zitalala zikipenda mpaka Septemba. Na nikiambiwa niache kitu nyumbani, nakiacha.

Harusi ilifanyika baada ya mvua. Meza kuu nililetewa pilau na bakuli dogo la kachumbari la peke yangu, limejaa vipande vya zile hoho za ndoo, na mhudumu akaniinamia sikioni: "Shangazi Salome anasema umalize." Nilimtafuta kwa macho, nikamkuta upande wa pili ananitazama, mikono ameiweka mapajani, anasubiri. Nikala yote. Mshereheshaji aliponiona akachukua kipaza sauti akawaambia wageni watazame jinsi baba mdogo wa bwana harusi anavyolia kwa upendo, ukumbi mzima ukanipigia makofi.